UZI: Umepoteza ufunguo wa kufuli la zamani? Usikimbilie kulikata, ufunguo unachongwa

Mchongaji wa Tororo:

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Kampala, Jinja, Mbale, Malaba, mpaka Arua kule.

Kuna jambo linaniuma na nimeona nilifungulie uzi. Mtu anapoteza ufunguo wa kufuli la zamani, la babu au la ghala la ukoo, anamwita fundi wa mageti. Fundi anakuja na grinda, cheche zinaruka, upinde wa kufuli unaanguka chini vipande viwili, analipwa, anaondoka. Kufuli la shaba lililotoka Uingereza enzi za pamba na kahawa, lililolinda stoo miaka na miaka, linaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenyewe anakwenda dukani kununua kufuli jipya jepesi ambalo masika moja tu yanalishika kutu.

Ninachosema ni hiki: kufuli zima la zamani linaweza kupatiwa ufunguo mpya hata kama hakuna hata mmoja uliobaki wa kuigiza. Vipimo vyote vya ufunguo vimo ndani ya kufuli lenyewe. Kazi ya fundi ni kuvisoma.

Kwanza kabisa, lijue kufuli lako. Huku kwetu ya zamani ninayokutana nayo ni ya namna tatu.

Ya kwanza ni ya vizuizi. Haya ni mepesi kuliko yote. Ndani kuna vipande vya bati vimesimama njiani, na ufunguo umekatwa mapengo ili uvipite. Kinachofungua hasa ni ncha ya ufunguo, inayotanua springi iliyoshika upinde. Mapengo mengine yote ni ya kupitia tu. Ndiyo maana ufunguo malaya, yaani ule mmoja unaofungua makufuli mengi, unayafungua haya bila shida.

Ya pili ni ya leva, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ndani kuna bamba nyembamba za shaba zimelaliana, kila moja ina springi yake inayoisukuma chini na kila moja imechongwa ufa. Komeo la ndani lina kigingi, na kigingi hakipiti mpaka nyufa zote zikae mstari mmoja. Leva ikinyanyuliwa kidogo mno, kigingi kinagonga. Ikinyanyuliwa kupita kiasi, kinagonga pia. Aliyeleta akili hiyo ni Mwingereza Robert Barron, hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ni ya mwaka 1778, na mpaka leo hakuna kilichobadilika sana. Ukiona ufunguo wenye shina la mviringo na ulimi wenye ngazi ngazi pembeni, hilo ni la leva. Mengi ya haya yaliyofika Afrika Mashariki yametoka Willenhall, mji wa Uingereza ambao riziki yake ilikuwa kufuli. Union, kwa mfano, ilikuwa chapa ya kiwanda cha hapo hapo.

Ya tatu ni ya pini, ufunguo bapa wenye meno juu. Huu ni mtindo wa Linus Yale Mdogo wa Marekani, mwaka 1861. Makufuli mengi ya dukani leo, Tri-Circle na wenzake, ni ya ukoo huu.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza la leva kwa sababu ndilo watu wanalokatia tamaa.

Usifanyie kazi kufuli likiwa linaning'inia mlangoni. Toa tumbuu, yaani kile chuma cha mlangoni kinachopitisha upinde wa kufuli. Kwenye mlango wa mbao ni skrubu au misumari, kwenye sanduku la bati ni ribiti mbili tatu ambazo hata zikiharibika hazina gharama. Kufuli lije mezani, lishikwe kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani cha fundi, na katikati ya meno ya jiriwa weka vipande vya ngozi au mbao ili shaba isipate makovu.

Kisha safisha tundu. Msicheke, hapa ndipo nusu ya makufuli "yaliyokufa" yanapofufuka. Nyigu wa udongo hawaoni tundu wakaliacha, wanaligeuza nyumba. Nimetoa matope makavu na mabuibui waliohifadhiwa humo kama chakula cha watoto wa nyigu. Waya mwembamba, pumzi ya pampu ya baiskeli, halafu mafuta ya taa, uliache lilale usiku kucha likiwa kichwa chini. Asubuhi litikise, litatema vumbi jekundu la murram na kutu pamoja. Ukimaliza, tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na grisi ya gari inakusanya vumbi, vyote viwili usivitie humo.

Baada ya hapo pima. Makufuli mengi ya leva yana msumari mfupi uliosimama katikati ya tundu, maana yake ufunguo wake una shina lenye bomba. Tafuta vijiti vya keekee, jaribu unene wa tundu mpaka ujue shina linataka unene gani, na bomba linataka upana gani ili limeze ule msumari. Kina unakipata kwa njiti ya kiberiti: iingize mpaka igote, weka alama kwa ukucha.

Blanki, yaani ufunguo ambao haujachongwa, ukiipata dukani vizuri. Usipoipata, funguo za kabati na droo za zamani zina bomba hilo hilo. Wauza vyuma chakavu wa Katwe na soko la Kisekka kule Kampala wanazo kwenye ndoo, ukiwa na subira utaipata inayokaribia. Ulimi ukiwa mfupi, unachomelewa kipande cha shaba na kusawazishwa kwa tupa. Ulimi uwe mrefu kidogo kuliko unavyodhani. Tupa inapunguza, hairudishi.

Halafu yanakuja masizi. Washa mshumaa, pitisha ulimi wa blanki juu ya moto mpaka uwe mweusi ti. Ingiza taratibu bila kugusa kingo za tundu. Zungusha mpaka ukwame, bana kidogo tu kwa vidole, usitumie koleo, kisha rudisha na utoe wima vile vile ulivyoingia. Nenda kwenye mwanga wa jua. Juu ya weusi utaona mistari myembamba inayong'aa, kila mmoja ni leva moja imekugusa. Mistari haifanani. Mmoja au miwili itakuwa imekwaruza zaidi, hiyo ndiyo leva inayobana kwa sasa, na hapo tu ndipo tupa inapita. Mapito mawili ya tupa ndogo, si zaidi. Paka masizi tena, rudi ndani, toa, tazama.

Mahali ambapo leva imefika urefu wake, alama inapungua ghafla. Inabaki mguso mwepesi badala ya mkwaruzo. Hapo usiguse tena hata kama mkono unawasha. Hamia nyingine. Zikikaa zote, komeo linateleza lenyewe na upinde unaruka juu.

Ukisikia limefunguka, acha kuchonga. Kilichobaki ni kulainisha kingo kwa msasa mwembamba, kwa sababu ngozi ya chuma iliyoachwa na tupa inakula leva za shaba kila siku mpaka vipimo vinapotea. Na hapo hapo toa ufunguo wa pili kutoka kwa wa kwanza.

Karibuni kwa maswali.

---

Boda wa Malaba:

Mzee shikamoo. Nimesoma yote. Mimi naona muda wako ni mali. Kufuli jipya linauzwa kila kona, kwa nini mtu akae na mshumaa nusu siku kwa ajili ya chuma cha zamani?

Mchongaji wa Tororo:

Marahaba kijana wangu. Si kila kufuli linastahili mshumaa, nakubali. La bati jepesi likipoteza ufunguo, nunua jingine. Ila chukua la zamani mkononi na jipya mkono wa pili, pima uzito. Mwili wa lile ni shaba, haushiki kutu. Lile la bei rahisi mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Sumaku itakwambia: ikinata mwilini, si shaba. Anayeishi karibu na ziwa au sehemu ya mvua nyingi kama mlimani Elgon anajua tofauti hiyo. Kufuli ambalo litafanya kazi mpaka wajukuu, nusu siku ya fundi si hasara.

---

Mama Duka Busia:

Asante kwa somo baba. Swali langu: mwanangu yuko Senior Two, bweni. Kapoteza ufunguo wa sanduku lake la bati, vitabu na sabuni vyote vimo ndani. Ni kale kakufuli kadogo. Nifanyeje, maana likizo bado?

Mchongaji wa Tororo:

Mama, hako kadogo kakatwe tu, tena kwa msumeno wa chuma, mbele ya mlezi wa bweni ili asije akaambiwa kafungua sanduku la mwenzake. Muda na nauli vinazidi thamani yake. Jipya likinunuliwa, ufunguo wa akiba usikae kwenye mkufu ule ule na wa kila siku. Ubaki kwako nyumbani, au kwa mlezi ndani ya bahasha yenye jina la mtoto.

---

Mtoto wa Reli:

Mkuu, uzi huu umenifikia wakati wake. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapo hapo Tororo. Ameacha sanduku la mbao lenye kufuli kubwa la shaba, limegongwa E.A.R.&H. Ufunguo hatujauona. Ndugu zangu wanataka kulivunja. Je, ni la leva? Na ni la miaka gani?

Mchongaji wa Tororo:

Pole kwa msiba ndugu yangu. Waambie ndugu zako washushe nyundo kwanza.

Herufi hizo zinakupa umri. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948, reli na bandari za Kenya na Uganda zilipounganishwa na reli ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na zikawa shirika lake, reli ikabaki E.A.R. peke yake, na 1977 Jumuiya ilipovunjika nayo ikagawanywa. Kwa hiyo alama ya E.A.R.&H. inaliweka kati ya 1948 na 1969.

Aina siwezi kukuambia bila kuliona. Sukuma pembeni kile kifuniko kidogo cha tundu, mulika tochi. Ukiona msumari katikati na kingo za bamba za shaba zimepangana nyuma yake, ni leva. Ukiona uwazi mpana na bati moja moja zimesimama, ni vizuizi.

Afande Mstaafu:

Niongeze hapo. Nimefanya kazi ghalani miaka mingi. Makufuli ya serikali mara nyingi yalikuwa na namba iliyogongwa mwilini, na namba hiyo hiyo kwenye ufunguo. Kijana atafute kwenye vitu vya baba: kwenye mkungu wa funguo za zamani, ndani ya kopo la kahawa, nyuma ya picha ukutani. Wazee hawakutupa funguo. Kabla ya tupa, pekua.

Mchongaji wa Tororo:

Afande umenena. Na funguo zozote za bomba atakazozipata azilete hata kama hazifungui, zinafaa kuwa blanki.

---

Mjukuu wa Bombo:

Wakuu, mimi nina ufunguo lakini umelika, unafungua siku unapotaka. Nimekwenda kwa jamaa wa mashine barabarani, ametoa nakala, nakala ndiyo mbaya zaidi. Naweka picha ya ufunguo hapa mnisaidie.

Mchongaji wa Tororo:

Ndugu, ondoa hiyo picha sasa hivi. Meno ya ufunguo yanasomeka kwenye picha safi, na mwenye ujuzi anaweza kuchonga kutoka hapo. Hili liwahusu wote: ufunguo wa nyumba mpya haupigwi picha na kurushwa kwenye makundi ya simu, hata kwa furaha.

Kuhusu nakala, mashine ina kidole kinachofuata ufunguo wako na gurudumu linalokata blanki. Inachoona ndicho inachotoa. Ufunguo uliolika unazaa ufunguo uliolika, na makosa madogo ya mashine yanaongezeka juu yake. Kwa kuwa nimeona kwenye picha la kwako ni la pini, kuna dawa nzuri: lifungue kwanza ukiwa na huo ufunguo mbovu, ulilete likiwa wazi. Kwenye baadhi ya makufuli ya pini, upinde ukiwa juu, unaona skrubu ndogo ndani ya tundu la upinde. Inaachia moyo wa kufuli utoke. Moyo ukitoka, pini zinapimwa moja moja kwa vania, kile kipimo cha fundi, na ufunguo unachongwa kwa vipimo vya pini badala ya kuigiza ule wa zamani. Huo utafungua kama siku ya kwanza.

Kama halina skrubu, njia ni ile ile ya alama, ila kwa pini hatutumii masizi sana. Blanki ya shaba inasuguliwa ukingo utakaobeba meno mpaka ing'ae, inaingizwa, inabanwa upande na kutikiswa juu chini. Pini iliyobana inaacha nukta ndogo kama tobo la sindano. Unahitaji lenzi na mwanga wa pembeni kuiona.

---

Mama Duka Busia:

Baba, na watu wabaya je? Mtu si anaweza kukuletea kufuli la jirani?

Mchongaji wa Tororo:

Swali zito mama, na kila fundi anapaswa kulijibu kabla hajashika tupa. Kufuli likiletwa mkononi likiwa limefungwa, na tumbuu ya mlango au sanduku bado imo ndani ya upinde, natoka na aliyelileta mpaka kwake. Nataka kuona jirani anamtambua. Kama ni nyumba ya urithi au ya kupanga, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ije kwanza. Wapo waliokasirika wakaenda zao, na waende. Ufunguo wa chumba cha kupanga simchongei mtu yeyote bila mwenye nyumba na mpangaji wote kujua.

---

Boda wa Malaba:

Mzee, kama linachongeka kwa mshumaa, si mwizi naye atachonga? Basi la zamani halina ulinzi.

Mchongaji wa Tororo:

La vizuizi, ndiyo, ni dhaifu, usiliweke kwenye duka. Lifunge banda la kuku au kabati. La leva nyingi ni habari nyingine. Hakuna kufuli lisiloshindwa: mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Hobbs alifungua kufuli la Chubb lililosifiwa nchi nzima kwamba halifunguki. Ila alikuwa bingwa, na alifanya mchana, mbele za watu. Mwizi wa mtaani hana subira ya masizi. Anakuja na mtaimbo, na hapigi kufuli, anang'oa tumbuu. Kwa hiyo ukitaka ulinzi tazama tumbuu kwanza: iwe nene, boliti zipenye mlango mpaka upande wa pili, nati zikae ndani. Nimeona kufuli la kilo nzima limening'inia kwenye tumbuu iliyoshikwa na skrubu mbili fupi.

---

Mtoto wa Reli:

Mkuu narudi na majibu. Ni leva, nimehesabu kingo nne. Tumepekua kama Afande alivyosema, tumepata mkungu wa funguo lakini hakuna unaofungua. Fundi mmoja wa hapa amejaribu masizi, anasema leva tatu zinaacha alama safi, ya nne haiachi alama yoyote, ulimi unapita kama hakuna kitu. Anataka kutoboa.

Mchongaji wa Tororo:

Asitoboe tundu! Amefanya kazi nzuri mpaka hapo, na hiyo leva isiyoacha alama inamwambia kitu. Yaelekea springi yake imevunjika. Leva imelegea, haina cha kuisukuma chini kwenye ulimi, kwa hiyo haiachi alama. Hata akipatia ngazi tatu, ya nne haitakaa mahali pake kwa uhakika.

Hapa mshumaa umefika mwisho, kufuli lifunguliwe tumbo. Geuza upande usio na herufi, utaona vichwa vya ribiti vimesuguliwa sawa na mwili. Pumua juu ya shaba, mvuke utaonyesha miviringo yake. Fundi azitoboe ribiti hizo tu, katikati kabisa, kwa keekee ndogo kuliko ribiti yenyewe, halafu azisukume. Bamba la nyuma litainuka. Aliinue polepole kitambaa kikiwa chini, kwa sababu springi zinaruka. Apige picha kabla hajagusa kitu, leva zina mpangilio wake na ukizichanganya umechanganya ufunguo mzima.

Springi mpya inakatwa kutoka kwenye utepe wa springi ya saa ya ukutani iliyokufa. Mafundi saa wanazo. Msumeno wa chuma uliovunjika haufai, ni mgumu na unakatika. Aupime unene kwa kulinganisha na springi za leva zilizo nzima, aukate kwa mkasi wa bati, aukunje taratibu bila moto, maana moto unaua ule msukumo.

Tumbo likiwa wazi, kuchonga ngazi ya nne ni kazi ya macho: unazungusha ufunguo na kuona leva inapanda mpaka ufa wake ukutane na kigingi. Halafu kurudisha, fimbo ya shaba yenye unene wa zile ribiti, inapigwa nyundo ndogo pande zote mbili na kusuguliwa.

Mwambie anipigie akifika kwenye springi. Na kabla hajagonga ribiti za mwisho, afunge na kufungua mara nyingi bamba likiwa limeshikwa kwa jiriwa tu, kwa funguo zote mbili, wa kwanza na wa akiba.